Mtoto Mtukutu ni wa Nani? Kutoka Paris ya 1959 hadi Ipyana

Mwishoni mwa masika niliitwa nyumbani Ipyana kwa kikao cha ukoo. Aliyenipigia simu ni kaka yake marehemu baba, ambaye kwa desturi yetu namwita tata, naye si mtu wa maneno mengi. Alisema tu kwamba mpwa wangu ameutia ukoo aibu na kwamba msomi anahitajika. Nikaomba ruhusa chuoni, nikapanda basi la usiku, na kesho yake nikawa nateremka kutoka Tukuyu, mashamba ya chai yakiisha taratibu na joto la tambarare ya Kyela likizidi kadiri gari lilivyoshuka.

Kosa lilikuwa hili. Mpwa wangu, ambaye simtaji jina na ambaye ana umri wa miaka 14, alichukua kakao kavu ya baba yake wa kambo ghalani, kiasi cha debe mbili, akamuuzia mlanguzi asiyeuliza maswali. Kwa fedha hizo alinunua simu iliyotumika, akatoweka siku tatu, kisha akaonekana Matema akiwasaidia wavuvi kuanika usipa mchangani. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka uliopita ilikuwa baiskeli ya jirani. Kabla ya hapo ilikuwa fedha ya mchango wa shule, iliyoliwa yote kwa vitumbua na soda.

Wazee walikuwa wameshaamua kabla sijafika. Kijana apelekwe Irambo. Kwa msomaji asiyetoka nyanda za juu kusini, Irambo ni shule ya maadilisho iliyoko mkoani Mbeya, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo pekee ya aina yake Tanzania Bara, na kwetu jina hilo limekuwa kitisho cha utotoni tangu nakumbuka. Mama akichoka na mwanawe husema "utakwenda Irambo" kama vile wengine wanavyomtaja zimwi. "Wewe unajua lugha ya ofisi," tata akaniambia. "Tuandikie barua, huyu aende akanyooke." Nikajibu, "Ndaga, tata. Nipeni wiki moja." Akanitazama kama mtu aliyeombwa mkopo.

Sikuitumia wiki hiyo kuandika barua. Niliitumia kuwaza juu ya filamu moja ya kale ambayo niliiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, katika chumba chenye mapazia mabovu, na ambayo tangu siku hiyo haijanitoka. Kutoka katika filamu hiyo nikajikuta nimeingia katika historia: ya sheria tulizoachiwa na Waingereza, ya senema za Dar es Salaam, na hatimaye ya vijiji vya vijana ambavyo babu zetu wa tambarare hii walikuwa navyo. Makala haya ndiyo mavuno ya wiki hiyo.

Filamu yenyewe ni ya Kifaransa, ya mwaka 1959, na iliongozwa na François Truffaut, wakati huo kijana wa miaka 27 aliyekuwa akijulikana zaidi kwa ukali wa kalamu yake ya uhakiki. Jina lake ni Les Quatre Cents Coups. Waingereza waliligeuza neno kwa neno, wakapata "mapigo mia nne", na kwa kufanya hivyo wakaua maana. Kwa Wafaransa ni msemo wa kumtaja mtu aliyefanya utundu wa kila namna. Lakini nakiri kwamba kosa hilo la tafsiri lina ukweli wake kwa masikio ya Kiafrika ya Mashariki. Hapa kwetu, ukitaja mapigo kwa mtoto mtukutu, kila mtu anafikiri viboko.

Mhusika mkuu anaitwa Antoine Doinel. Anaishi na mama yake na baba wa kambo katika nyumba finyu ya Paris, ambamo kitanda chake kimebanwa kwenye njia ya kupitia watu. Ni mtoro wa shule. Siku moja, akiulizwa na mwalimu kwa nini hakuja jana, anajibu kwamba mama yake amefariki. Uongo huo unafichuka mama mwenyewe anapotokea shuleni. Anampenda Balzac hata kumwashia mshumaa, mshumaa nusura uunguze nyumba. Anaandika insha kwa kukariri alichokisoma, mwalimu anamwita mwizi wa maandishi. Anakimbia nyumbani. Mwishowe anaiba taipureta katika ofisi ya baba yake wa kambo, anashindwa kuiuza, na anakamatwa akiwa anairudisha.

Anakamatwa akiirudisha. Kila ninapoiangalia filamu hii hapo ndipo koo linaponikaba. Baba wa kambo anampeleka mwenyewe kituo cha polisi. Mtoto analala mahabusu pamoja na watu wazima, kisha anapakiwa katika gari la polisi linalopita mitaa ya Paris usiku, taa za jiji ziking'aa, na kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze tunaona machozi kwenye mashavu yake. Hakuna anayemwona isipokuwa sisi.

Kisha kinafuata kituo cha uangalizi wa watoto wakosaji, karibu na bahari. Watoto wanatembezwa kwa mstari. Antoine anaumega mkate wake kabla ya amri ya kula kutolewa, anazabwa kofi. Mwanasaikolojia anamhoji, nasi hatumwoni anayeuliza. Tunamwona mtoto peke yake, akijibu kwa utulivu wa kutisha kwamba mama yake hakutaka azaliwe na kwamba yuko duniani kwa sababu ya bibi yake. Mama anakuja kumtembelea, lakini kwa ajili ya kumwambia kwamba mlango wa nyumbani umefungwa. Siku ya mpira, Antoine anarusha mpira, anapenya chini ya uzio na kukimbia. Anakimbia muda mrefu sana, mpaka mtazamaji anaanza kuhema naye, na anafika baharini ambako hajawahi kufika. Anaingia majini na viatu, anageuka, anatutazama. Picha inaganda. Mwisho.

Truffaut hakuibuni hadithi hii kichwani. Alizaliwa mwaka 1932, mama yake akiwa hajaolewa, na jina la Truffaut alipewa na mume ambaye mama alikuja kuolewa naye baadaye. Alikuwa mtoro, aliyeingia senema kwa kupenya milango ya nyuma. Alipokuwa na miaka 16 madeni ya klabu ya filamu aliyoianzisha yalimfikisha pabaya, na baba huyo ndiye aliyemkabidhi kwa polisi. Mwaka 1948 akafungiwa katika kituo cha watoto cha Villejuif, pembezoni mwa Paris. Aliyemtoa katika matatizo na kumpa kazi alikuwa mhakiki wa filamu André Bazin, mtu asiye na undugu naye hata kidogo. Bazin alifariki Novemba 1958, wakati upigaji wa filamu hii ukiwa ndio kwanza umeanza. Filamu ilitabarukiwa kwake. Mwaka uliofuata Truffaut alipata tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Cannes.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo wapenzi wa filamu hii hulipita haraka. Tarehe 2 Februari 1945, vita ikiwa haijaisha, Ufaransa ilitangaza sheria mpya ya watoto wakosaji iliyoweka msingi kwamba malezi yatangulie adhabu. Kwa hiyo Truffaut alifungiwa Villejuif miaka mitatu baada ya sheria nzuri kuwapo. Kofi analolipata Antoine kwa ajili ya mkate ni kofi la zama za sheria nzuri. Nalikumbusha hili kwa sababu nasi tunazo sheria nzuri, na nitazifikia.

Waingereza, ambao ndio waliotuachia msamiati tunaoutumia, walianza na gereza la vijana katika kijiji cha Borstal, Kent, mwaka 1902. Jina la kijiji hicho likawa jina la taasisi yenyewe duniani kote, na Kenya hadi leo ina borstal zake, Shimo la Tewa na Shikusa. Mwaka 1933 wakatunga sheria iliyoanzisha kile walichokiita shule zilizoidhinishwa, maana yake shule ambazo waziri ameziwekea muhuri. Mwaka 1937 Tanganyika nayo ikapata Sheria ya Watoto na Vijana, iliyobeba mawazo yale yale. Sheria hiyo ilidumu kuliko dola iliyoitunga. Tulipata uhuru, tukawa na Azimio, tukahamia vijijini, tukarudi kwenye vyama vingi, nayo ikawa bado ipo kitabuni, mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ni miaka 72.

Niruhusuni mchepuko mdogo wa lugha. Kiingereza kilisema "iliyoidhinishwa", neno la karani, linalotuambia habari za ofisi na halisemi lolote kuhusu mtoto. Aliyetafsiri kwa Kiswahili, popote alipo, alikataa ukarani huo akasema "maadilisho". Ndani yake mna adili, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambalo asili yake ni haki na unyoofu. Sijui tafsiri nyingine nyingi za kiserikali ambazo nakala imeizidi asili kwa heshima kiasi hiki. Ila neno zuri huweka deni.

Katika Tanganyika ya Waingereza, hata hivyo, mtoto mkosaji wa mjini alikutana na fimbo mapema zaidi kuliko shule. Viboko vilikuwa rahisi, havikuhitaji jengo wala mlo. Njia ya pili ilikuwa kumrudisha "kwao". Sheria ya mwaka 1944 iliipa serikali nguvu ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, na vijana wengi walisombwa kutoka Dar es Salaam wakarudishwa vijijini, na wengi wao walikuwa wamerudi mjini kabla ya makaratasi yao kukauka wino. Serikali iliamini kwamba mahali pa mtoto wa Kiafrika ni kijijini kwa baba yake, na kwamba mji ndio ulioharibu. Mwanahistoria Andrew Burton, aliyewachunguza watoto hao wa Dar es Salaam kati ya 1919 na 1961, aliandika mwaka 2001 makala ambayo hata katika anwani yake ametaja kauboi. Alikuwa na sababu. Wakubwa wa wakati ule waliamini kwamba vijana wanaharibiwa na filamu za Kimarekani za wapanda farasi wenye bastola, na vijana wenyewe, kwa kofia zao na mwendo wao wa kujitanua, hawakujisumbua kukanusha.

Serikali ikajibu senema kwa senema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa kampuni ya Afrika Kusini, zilitengenezwa filamu za Kiswahili za kuwafunza watu maisha ya mjini. Mojawapo, Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, inamhusu mtu wa shamba anayekwenda mjini na kuchezewa na wajanja. Nyota wake alikuwa kijana aliyefanya kazi ya maendeleo ya jamii serikalini, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka 10 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka niwaonyeshe picha.

Lakini filamu iliyozungumza na watu wa pwani kuhusu mtoto mkosaji haikutoka Afrika Kusini wala Paris. Ilitoka Bombay. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilijaza kumbi za senema za Zanzibar na za Bara; Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu historia ya senema Tanzania, ameonyesha jinsi watazamaji wetu walivyoipenda, na wazee niliowahoji mimi mwenyewe wakati fulani bado waliweza kuisimulia mwanzo hadi mwisho bila kujua Kihindi. Jaji anaamini kwamba mtoto wa mwizi ni mwizi na mtoto wa mtu mwema ni mwema. Kwa imani hiyo hiyo anamfukuza mkewe mjamzito, akishuku mimba kwa kuwa mke alikuwa ametekwa na jambazi. Mtoto anazaliwa mtaani, anapiga watu viatu rangi, anafukuzwa shule, analelewa kiuhalifu na jambazi yule yule. Mama yake anaumwa na njaa, mtoto anaiba mkate, anafungwa. Tunapomwona tena ni mtu mzima, yuko gerezani, na mkononi ana mkate wa jela, naye anashangaa kwamba kitu alichokikosa nje na kuletwa ndani kwa ajili yake sasa anapewa bure. Mwisho wa yote anasimama kizimbani mbele ya jaji ambaye ndiye baba yake.

Mkate Paris, mkate Bombay. Nadhani watu wa Zanzibar na Dar es Salaam waliielewa Awaara haraka kwa sababu iliuliza swali ambalo serikali ya kikoloni haikulipenda. Serikali iliuliza: kijana huyu ameharibiwa na nini? Filamu iliuliza: ni nani aliyemtoa nje ya mlango?

Sasa nirudi Ipyana, kwa kuwa hapa ndipo historia inaponishangaza zaidi, nami nimezaliwa juu yake bila kuiona.

Wamoravian wa Kijerumani walipofungua kituo chao Ipyana katika miaka ya 1890, walikuta nchi yenye mpango wa malezi ambao haufanani na wowote waliouzoea. Miongo minne baadaye walikuja wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, wakakaa kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944 akiwa bado kijana. Monica akaandika vitabu kutokana na madaftari yao wote wawili, na kile cha mwaka 1951 kinahusu jambo hili tu: vijiji vya rika.

Mvulana wa Kinyakyusa alichunga ng'ombe wa baba pamoja na wenzake tangu akiwa mdogo. Alipofika miaka 10 au 11 aliondoka nyumbani kwa baba yake. Hakufukuzwa, aliondoka kwa sababu ndivyo ilivyostahili. Yeye na rika lake walijijengea vibanda vyao kando ya kijiji cha wazee, wakaishi humo wenyewe. Wadogo zao walijiunga baada yao, mpaka waanzilishi walipokuwa vijana wakubwa wakafunga mlango, na wadogo wakaanza kijiji kingine. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, nao hawakwenda mmoja mmoja. Walizunguka kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Waliendelea kulima shamba la baba. Baadaye walioa na kuleta wake zao katika kijiji kile kile, na siku ya ubusoka, ambayo ilikuja mara moja tu katika kizazi, kizazi kipya kilikabidhiwa nchi na watawala wake.

Thamani kuu iliyofundishwa humo waliiita ukwangala, maana yake kukaa na wenzako kwa wema na kufurahi nao. Kula peke yako kulikuwa aibu kuliko njaa. Wilson alieleza pia sababu ya staha: haikufaa kijana aliyekwisha kupata akili alale karibu na faragha ya baba yake, na haikufaa mke wa mwana akutane na mkwewe. Yote hayo ni kweli. Lakini mimi naona kwamba matokeo yake makubwa yalikuwa mengine. Umri ule ule ambao Antoine Doinel anabanwa katika njia ya kupitia watu, kati ya mama asiyemtaka na baba asiye wake, mtoto wa hapa alikuwa na kibanda chake na wenzake ishirini. Baba wa kambo hakuwa na nafasi kubwa ya kuwa adui, kwa kuwa mtoto hakulala kwake. Na kama mama mmoja hakuwa na chakula, kundi lilikula kwa mwingine.

Nisije nikashutumiwa kuipamba kale. Mpango huo ulikuwa wa wavulana. Dada zao waliposwa wangali wadogo sana, mara nyingi kwa wanaume wenye umri wa baba zao, kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee na vijana walisubiri miaka mingi. Ukwangala ulikuwa na upande wake wa giza, kwani aliyewaudhi majirani aliogopa uchawi wao kila alipougua. Sidhani kama ningependa kuishi humo, nami nina hakika mama yangu asingependa. Hata hivyo mtu mwadilifu ataona kwamba jamii hii ilikuwa imelifikiria swali la mvulana wa miaka 14 kabla afisa wa wilaya hajafungua faili.

Vijiji hivyo vilikufa polepole. Wakati akina Wilson wakiwa huku, vijana walikuwa tayari wanakwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na wengine mbali zaidi, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Monica aliporudi mwaka 1955 alikuta ardhi imekuwa haba na kila mtu akishikilia shamba lake. Huku bondeni ulikuwa mpunga, milimani ilikuwa kahawa. Shamba lenye mazao ya fedha halimpendi jirani asiye na mpaka. Leo ni kakao, mti unaokaa ardhini miaka mingi na kumfunga mtu na kipande chake. Tulipopata uhuru kijiji cha wavulana kilikuwa kimebaki katika masimulizi ya babu, naye aliyasimulia kwa kicheko, hasa habari za kuiba maziwa ya ng'ombe wa baba zao usiku. Nisisitize neno kuiba. Walikuwa wakiiba. Walipogunduliwa walichapwa, wakacheka, wakaendelea kuwa watoto wa watu.

Nilipoitisha kikao tena, nilianza kwa kuwaeleza wazee sheria ilivyo. Irambo haiombewi nafasi kama seminari. Njia ya kwenda huko inapita mahakamani. Lazima kwanza tumshitaki mtoto kwa wizi. Polisi watamkamata, atakaa mahabusu, na ikiwa bahati ni yake itakuwa mahabusu ya watoto, ambayo Mbeya ipo, lakini kati ya Kyela na Mbeya kuna vyumba vingine vya kulala. Sheria ya 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha jela. Hata hivyo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua mwaka 2011 iliwakuta watoto wakishikiliwa katika magereza ya watu wazima. Mahakama ya watoto ikimwona ana hatia, itasoma ripoti ya afisa ustawi wa jamii, nayo inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kumtaka mzazi alipe fidia, au kumpeleka shule ya maadilisho. Maana yake, nikawaambia, hata serikali yenyewe imeiweka Irambo mwisho wa orodha, na sisi tumeanza nayo.

Sikusema kwamba Irambo ni mahali pabaya. Sijawahi kuishi humo, na nimekutana na watu waliojifunza ufundi kule wakatoka wakiwa na kazi ya mikono. Nilisema tu kwamba barua hiyo ikishaandikwa, mtu atakayempeleka mtoto kituoni ni mmoja wetu, kwa miguu yake, na mtoto atakumbuka ni nani.

Baba yake wa kambo, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, akauliza kakao yake itarudi vipi. Swali lilikuwa la haki, na nadhani sisi wasomi hulisahau haraka sana tunapopendezwa na filamu. Tukakubaliana kwamba mimi nilipe nusu sasa, na kijana afanye kazi ya nusu iliyobaki kwa kuvuna na kuanika msimu ujao. Mama mdogo mmoja akasema kijana ahamie kwake kwa muda, ana vijana wawili wa umri huo na chumba cha uani. Hakuna aliyetaja vijiji vya rika. Barua niliiandika mwishowe, ila kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kumwomba aje azungumze nasi. Tata aliisoma mara mbili, akasema ni ndefu, kisha akasema kama kakao itapotea tena nisije nikamletea maneno ya Wafaransa.

Usiku wa kuamkia safari nilimwonyesha mpwa wangu filamu ile kwenye kompyuta yangu, nikimtafsiria maandishi. Mwanzoni alichoka, haina rangi, na watu wanaongea sana. Kwenye taipureta aliacha kuchezea simu. Walipomzaba kofi kwa ajili ya mkate alinitazama mimi, akarudi kuangalia. Picha ya mwisho ilipoganda alisubiri kidogo, akidhani umeme umetusaliti.

"Walimkamata?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, walimkamata. Truffaut alitengeneza filamu nyingine nne kuhusu mvulana huyo huyo, na mwigizaji yule yule, Jean-Pierre Léaud, alikua mbele ya kamera hadi mwaka 1979. Katika ya pili, ya mwaka 1962, tunaambiwa kwamba baada ya kukimbia alikamatwa, akawekwa mahali penye ukali zaidi, kisha akaachiliwa chini ya uangalizi. Ana miaka 17, anaishi peke yake katika chumba chake, na anafanya kazi kwenye kampuni ya kutengeneza sahani za santuri.

"Analipwa?"

"Analipwa."

Akafikiri kidogo, akauliza kama hiyo ya pili ninayo.